Itagharimu kiasi gani? Mwongozo wa kukadiria gharama ya afya kwa wote kwa miaka 20, kwa mfano wa SHA ya Kenya

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, mabishano mengi yamekuwa juu ya mchango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na kwa mama mboga au fundi wa jua kali kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchango ni upande mmoja tu wa daftari, tena ule rahisi. Mwongozo huu unahusu upande wa pili, yaani bili itakayomfikia mlipa ushuru baada ya miaka 10 na baada ya miaka 20.

Kazi hii haihitaji shahada ya hesabu za bima. Unahitaji Excel, takwimu za KNBS (shirika la taifa la takwimu), viwango vya malipo vya SHA vilivyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ubishi wa kutosha. Nimeiandika nikimfikiria karani wa kamati ya bajeti ya bunge la kaunti, mwanahabari wa afya, au mwanaharakati aliyechoka kutupiwa tarakimu moja kubwa isiyoelezwa ilikotoka.

Hatua ya 1: Amua unahesabu mfuko wa nani

Hapa ndipo makadirio mengi huharibika kabla hata ya tarakimu ya kwanza kuandikwa. Mtu anasema "gharama ya SHA" huku akimaanisha michango inayoingia. Mwingine anamaanisha pesa ambazo Bunge linatenga. Wa tatu anajumlisha kila kitu, hadi mishahara ya wauguzi.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha hazina tatu. Ya afya ya msingi, inayolipia huduma za zahanati na vituo vya afya, inategemea bajeti ya serikali. Ya bima yenyewe, SHIF, inategemea michango. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, ambayo humpokea mgonjwa pale kiwango chake cha SHIF kinapoisha. Hiyo nayo inatazamia bajeti. Kwa hiyo hazina mbili kati ya tatu ziko mikononi mwa wizara ya fedha, ingawa ukisikiliza mijadala ya redioni ungedhani kila kitu kinatoka kwenye payslipu.

Fungua jedwali lenye safu tano: serikali ya kitaifa, kaunti, michango, wafadhili, na mfuko wa mgonjwa mwenyewe. Kila gharama utakayoikadiria lazima ikae katika mojawapo. Ukiona mpango unadai "umepunguza gharama", tafuta safu iliyopokea kilichoondolewa. Mara nyingi ni ile ya tano.

Kisha tenga mstari wa msingi, yaani pesa ambazo zingetumika hata kama SHA isingekuwepo. Serikali ilikuwa ikilipia kujifungua katika hospitali za umma tangu 2013, na baadaye kupitia mpango wa uzazi bila malipo wa Linda Mama. Gharama hiyo si mzigo mpya, na ukiibebesha SHA yote utakuwa umeidhulumu. Kinachotafutwa ni tofauti.

Hatua ya 2: Watu

Hatua hii ni fupi, kwa sababu KNBS wamekwisha kuifanya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika kaya milioni 12.1 hivi, na makadirio ya miaka ijayo yamechapishwa. Usijitungie yako. Yagawe tu kwa makundi yanayotumia hospitali kwa namna tofauti: walio chini ya miaka 5, watoto wa shule, wanawake wa miaka 15 hadi 49, watu wazima wengine, na waliotimiza miaka 60.

Angalia mambo mawili. Uzazi unashuka: kutoka watoto 3.9 kwa mwanamke katika utafiti wa afya wa 2014 hadi 3.4 mwaka 2022, kwa hiyo mstari wa wajawazito hautapanda kwa kasi ya zamani. Na wazee wanaongezeka. Mwaka 2019 waliofikisha miaka 60 walikuwa milioni 2.7. Watakaokuwa na umri huo mwaka 2045 wote wamekwisha kuzaliwa, kwa hiyo hapo hakuna ubashiri mkubwa. Wengi wao watahitaji dawa za shinikizo na kisukari kila mwezi hadi mwisho wa maisha yao.

Hatua ya 3: Mara ngapi, kwa bei gani

Moyo wa mkokotoo wote ni kuzidisha vitu vitatu: watu, mara ambazo kila mmoja hutumia huduma kwa mwaka, na bei ya kila mara. Ufanye kwa kila kundi la huduma peke yake. Wastani mmoja wa nchi nzima huficha kila kitu unachotaka kukiona.

Chukua kujifungua. Katika viwango vya SHA, kujifungua kwa kawaida kulipangiwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji shilingi 30,000. Utafiti wa afya wa 2014 ulionyesha takriban watoto 9 kati ya 100 wakizaliwa kwa upasuaji; ule wa 2022 ukaonyesha 17. Sasa piga hesabu kwa wajawazito 100. Kwa kiwango cha 2014, bili ni shilingi 1,180,000. Kwa kiwango cha 2022, ni 1,340,000. Upasuaji ukifika 30 kwa 100, bili inakuwa 1,600,000. Hakuna mama aliyeongezeka wala bei iliyopandishwa, lakini gharama imepanda zaidi ya theluthi moja kwa sababu ya uamuzi unaofanywa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Na hospitali inayolipwa mara tatu kwa uamuzi huo haina sababu ya kifedha ya kuukataa. Simaanishi kwamba madaktari ni walafi. Bei yenyewe inasukuma, na makadirio yako lazima yawe na seli ya kuubadilisha msukumo huo.

Mfano wa pili ni wagonjwa wa figo. Kikao kimoja cha kusafisha damu kilipangiwa shilingi 10,650. Mgonjwa anayekwenda mara mbili kwa wiki ana vikao 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Mchango wa chini kabisa wa kaya ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Gawanya: mgonjwa mmoja anabeba michango yote ya kaya 308 za kiwango hicho, na hapo hakuna hata mtu mmoja katika kaya hizo 308 aliyelazwa, aliyezaa wala aliyeugua malaria.

Hii si hoja ya kuwanyima wagonjwa wa figo matibabu. Bima ipo kwa ajili ya mtu kama huyo. Lakini inaonyesha kwa nini wagonjwa wa figo, saratani na kisukari wanahitaji mistari yao wenyewe, na kwa nini kila mashine mpya ya kusafisha damu inayofungwa kwenye hospitali ya kaunti inaongeza bili. Waliokuwa wakifia nyumbani bila kuhesabiwa wanaanza kuhesabiwa. Kwenye jedwali wanaonekana kama kupanda kwa gharama.

Hatua ya 4: Mlango ukifunguliwa, watu huingia

Kosa la kawaida ni kuchukua idadi ya waliohudhuria hospitali mwaka jana, walipokuwa wakilipa mfukoni, na kuizidisha kwa bei mpya. Walipokuwa wakilipa, wengi walikaa nyumbani.

Kenya ina ushahidi wake wa ndani. Desemba 2018 serikali ilianza majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada ziliondolewa katika hospitali za umma, foleni zikarefuka, dawa zikaanza kuisha mapema kuliko ilivyopangwa, na watu wakavuka kutoka kaunti jirani. Waliopanga bajeti kwa foleni za zamani walijikuta na foleni mpya.

Kwa upande wa muda mrefu zaidi, itazame Thailand, nchi ambayo mpango wake husifiwa kote duniani. Mwaka 2002 bajeti ya mpango wao ilikuwa baht 1,202 kwa kila mtu. Kufikia 2014 ilikuwa karibu baht 2,900. Sehemu ya ongezeko hilo ni mfumuko wa bei, sehemu ni watu kutumia huduma zaidi, na sehemu ni huduma mpya zilizoongezwa, ikiwemo hiyo ya figo. Mpango haukushindwa. Ulifanya kazi, na ndiyo maana uligharimu.

Katika jedwali lako, usiruhusu matumizi yapande kwa mstari ulionyooka. Miaka miwili ya kwanza hupanda polepole: watu hawajui, kadi hazisomi, mtandao umeanguka. Kuanzia mwaka wa tatu hadi wa saba hivi hupanda kwa kasi. Baadaye hutulia, ingawa hayarudi chini. Weka vipindi hivyo vitatu, kila kimoja na kiwango chake.

Hatua ya 5: Asilimia ndogo za kila mwaka

Hapa ndipo miaka 20 inapofanya kazi yake. Tuseme idadi ya watu inakua kwa asilimia 1.9 kwa mwaka, matumizi kwa kila mtu yanapanda kwa asilimia 1.5, na bei za matibabu zinaupita mfumuko wa kawaida kwa asilimia 2. Hivi ni viwango vya mfano, weka vyako. Kila kimoja kinaonekana kidogo. Vikizidishwa pamoja vinatoa ukuaji wa takriban asilimia 5.5 kwa mwaka, na baada ya miaka 20 kila shilingi 100 za leo zimekuwa karibu 292, kwa thamani ya shilingi ya leo.

Usikimbilie gazetini na kichwa cha habari kinachosema gharama itapanda mara tatu. Uchumi nao unakua. Ukikua kwa asilimia 5 kila mwaka, shilingi 100 za pato la taifa zitakuwa 265 katika kipindi hicho, na mzigo wa afya utakuwa umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi tu ukilinganishwa na uwezo wa nchi. Uchumi ukikua kwa asilimia 4, zitakuwa 219, na mzigo utakuwa umeongezeka kwa theluthi. Pointi moja ya ukuaji wa uchumi inapita hatua nyingi za kubana matumizi ambazo wizara ingeweza kubuni.

Kwa sababu hiyo matokeo yako yaandike kama asilimia ya pato la taifa na kama asilimia ya mapato ya kodi. Matrilioni ya mwaka 2045 hayamwambii msomaji chochote.

Bei za matibabu zinaupita mfumuko wa kawaida kwa sababu dawa na vifaa vingi hununuliwa kwa dola na mishahara ya wataalamu hupanda kwa migomo. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56. Weka mstari wa kando wa thamani ya shilingi dhidi ya dola, hata kama utauacha bila mabadiliko katika hali ya kawaida.

Hatua ya 6: Nani atachangia, na nani ataacha

Kenya ina wafanyakazi wa sekta rasmi takriban milioni 3, na zaidi ya asilimia 80 ya watu wenye kazi wako nje ya sekta hiyo. Mshahara hukatwa kabla haujafika mkononi. Mwenye kibanda cha chipsi lazima aamue kulipa, tena kwa mwaka mzima mara moja. Serikali yenyewe ilitambua ugumu huo ilipoanzisha mkopo wa Lipa SHA Pole Pole.

Kwa hiyo usihesabu waliosajiliwa. Kusajiliwa ni bure, na takwimu za usajili hupendeza kwenye hotuba. Hesabu waliolipa, kisha hesabu waliolipa tena mwaka uliofuata. Ikiwa kaya 70 kati ya 100 hulipa tena, mwaka wa tatu umebaki na 49.

Kinachouma zaidi ni nani anayebaki. Fuata hesabu hii kwenye karatasi. Kaya 100 zimejiunga. Kaya 20 zina mgonjwa wa muda mrefu na kila moja hugharimu shilingi 34,000 kwa mwaka. Kaya 80 ni zenye afya, kila moja 4,000. Jumla ni shilingi milioni moja, wastani 10,000 kwa kaya. Sasa nusu ya wenye afya, kaya 40, waone hawajapata faida na waache kulipa. Mfuko umepoteza asilimia 40 ya wachangiaji, lakini gharama imeshuka kutoka 1,000,000 hadi 840,000 tu. Wastani umeruka hadi 14,000. Ukipandisha mchango kufidia, utawafukuza wenye afya waliobaki.

Tanzania waliliona hili kwa Toto Afya Kadi, iliyouzwa kwa shilingi 50,400 za Tanzania kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ya huko ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuuelekeza kwenye makundi ya shuleni, kwa maelezo kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwakatia kadi watoto waliokwisha kuugua na matumizi yalikuwa yameipita michango kwa mbali. Wakati huo wazazi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, lakini hesabu ilikuwa ni ile ile ya kaya 20 na 80.

Rwanda walichukua njia nyingine: bima ya jamii ni lazima, msukumo wa ulipaji unashuka hadi kijijini, na asiyejiweza analipiwa. Njia hiyo pia ina bei. Kwa Kenya, jaribu hivi: ukidhani kaya milioni 4 haziwezi kulipa hata kiwango cha chini, serikali kuzilipia ni shilingi bilioni 14.4 kwa mwaka. Lakini kiwango cha chini hakilingani na gharama yao halisi ya matibabu. Tofauti hiyo italipwa na wachangiaji wengine, na wao wakipungua, na Bunge. Iandike tofauti hiyo kwenye mstari wake. Ni mojawapo ya tarakimu ambazo hakuna hotuba huzitaja.

Hatua ya 7: Vilivyo nje ya bima

Bei za SHA hazigharamii kila kitu kinachofanya hospitali iwe hospitali. Pitia orodha hii hata kama ni kwa haraka.

Mishahara. Wahudumu walioajiriwa kwa mikataba ya mpango wa afya kwa wote mwaka 2020 walikaa miaka wakiandamana kudai ajira ya kudumu, na kila anayepewa huhamia kwenye bajeti ya kaunti akiwa na pensheni yake. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa Septemba 2023 wakiwa 100,000, hupewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya kaunti na serikali ya kitaifa. Hiyo ni bilioni 6 kwa mwaka.

Vifaa. Mpango wa kukodisha mashine wa 2015 ulifikisha vifaa katika hospitali za kaunti zote, na baadhi ya mashine zikakaa zimefunikwa kwa kukosa wataalamu, maji au umeme wa kutosha. Unapoandika bei ya mashine, andika chini yake bei ya mtu wa kuiendesha kwa miaka yote 20.

Wafadhili. Dawa za kupunguza makali ya HIV na chanjo kwa miaka mingi zimelipiwa kwa sehemu kubwa kutoka nje. Amri ya Marekani ya Januari 2025 ya kusitisha misaada ilionyesha jinsi safu hiyo inavyoweza kukatika kwa usiku mmoja, na mkataba na Marekani uliotiwa saini Desemba 2025 unaahidi dola bilioni 1.6 kwa miaka 5 huku Kenya ikitakiwa kuongeza dola milioni 850 zake. Katika jedwali lako, ishushe safu ya wafadhili hatua kwa hatua hadi karibu sifuri ndani ya miaka 10, na ihamishie jumla hiyo kwa serikali.

Madeni. NHIF ilifungwa ikiwa inadaiwa na hospitali. Deni la aina hiyo hurudi kama bei ya juu zaidi au mlango uliofungwa.

Hatua ya 8: Hali tatu, kisha jaribu kulivunja jedwali

Usitoe tarakimu moja. Toa ya chini, ya kati na ya juu, na useme wazi ni seli zipi zimebadilika kati yao. Kisha badilisha kiwango kimoja kwa wakati mmoja na uandike bili inasogea kiasi gani: upasuaji wa kujifungua, kaya zinazolipa tena, ukuaji wa uchumi, bei ya dawa. Kwa kawaida utakuta viwango vitatu au vinne ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu, na vingine kumi ulivyovihangaikia havina uzito. Muda wako wa kutafuta takwimu bora uutumie kwa hivyo vichache.

Jaribio la pili: rudisha jedwali nyuma. Lipe takwimu za 2013, serikali ilipoanza kulipia kujifungua, na uone kama linakaribia yaliyotokea hadi 2019. Likikosea sana, usilirekebishe mpaka ujue kwa nini.

Jihadhari pia na mstari wa "akiba kutokana na kinga". Chanjo na kupima shinikizo mapema ni mambo mazuri kwa watu. Lakini anayeokolewa na kiharusi akiwa na miaka 50 ataishi na kutibiwa mengine akiwa na 75. Akiba ikubali tu pale ambapo unaweza kutaja ni huduma gani itapungua, wapi, na kuanzia mwaka gani.

Hatua ya 9: Liwe tayari kabla ya tarehe

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ina kalenda yake. Taarifa ya sera ya bajeti ya kitaifa hufika Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, ya mikakati ya fedha ya kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Jedwali linaloletwa Mei hukuta ukomo wa matumizi ya kila sekta umekwisha kuwekwa. Ukurasa wa kwanza uwe na viwango ulivyodhani, si matokeo, ili anayepinga apinge kiwango fulani kwa jina lake na aje na chake. Weka tarehe ya toleo juu ya kila nakala, na SHA ikibadilisha bei yoyote, fungua seli ya Hatua ya 3 siku hiyo hiyo.